Kuizuru Sanamu ya Bikira Maria wa Loreto: Mwongozo kwa Msafiri na Hujaji

Loreto ni mji mdogo wa kale uliojengwa juu ya kilima katika mkoa wa Marche, upande wa mashariki wa Italia ya kati, na kutoka kwenye kuta zake mtu huiona Bahari ya Adriatiki bila kizuizi. Mkatoliki wa Afrika Mashariki analifahamu jina hili hata kama hajawahi kulitafuta kwenye ramani, kwa sababu litania inayosaliwa baada ya rozari, ile yenye "Mnara wa Daudi", "Nyumba ya dhahabu" na "Sanduku la Agano", ndiyo Litania ya Loreto iliyoidhinishwa na Papa Sixtus V mwaka 1587. Nchini Kenya jina hilo linajulikana pia kupitia shule za masista wa Loreto, waliofika nchini humo mwaka 1921.

Jambo ninalolisisitiza katika mwongozo huu ni mpangilio wa ziara. Watu wengi hufika, huenda moja kwa moja hadi mbele ya sanamu, husukumwa na foleni, kisha hutoka wakiwa wameona uso mdogo mweusi juu ya joho linalong'aa, na basi. Sanamu hii haieleweki ikitenganishwa na Nyumba Takatifu inamokaa, ile ambayo kwa mapokeo ni nyumba aliyoishi Bikira Maria huko Nazareti, wala nyumba haieleweki pasipo marumaru iliyoizunguka. Kwa hiyo ziara nzuri huanzia nje na kuishia kwa sanamu.

Hatua ya kwanza: Ijue sanamu kabla ya kufunga begi

Sanamu utakayoiona si ile waliyoiheshimu mahujaji wa karne zilizopita. Ile ya zamani, ya mbao, ilikuwa ya karne ya 14, na uso wake ulikuwa mweusi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba moshi wa taa za mafuta zilizowaka mbele yake usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, ndio ulioutia weusi huo. Mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yalipouteka mji yaliichukua sanamu hiyo ikapelekwa Paris, na haikurudi Loreto hadi mwaka 1802. Iliponusurika huko haikunusurika nyumbani, kwani tarehe 23 Februari 1921 moto ulizuka ndani ya Nyumba Takatifu na kuiteketeza.

Papa Pius XI aliamuru ichongwe nyingine. Mti uliotumika ni mwerezi wa Lebanoni uliokuwa umeota katika bustani za Vatikano, mfano wake uliandaliwa na Enrico Quattrini na kazi ya kuchonga ikafanywa na Leopoldo Celani. Papa aliivika taji mwaka 1922 na mwezi Septemba mwaka huohuo ikapelekwa Loreto. Weusi wa sanamu hii haukuletwa na moshi bali ulitiwa kwa makusudi, ili waumini wamwone Mama yule waliyemzoea. Hili ni jibu kwa wasomaji wanaouliza kama mchongaji alikusudia kumwonyesha Bikira Maria kuwa Mwafrika: hapana, alikusudia kuhifadhi sura iliyokuwapo. Hata hivyo, sioni ubaya wowote kwa hujaji kutoka Mwanza au Kisumu kufurahi akiutazama uso huo, na hakuna padre atakayemkemea.

Anayezuru akijua habari hizi haulizi tena kama anachokiona ni "cha kweli" au "cha kuiga". Mahali ndipo penye umri mkubwa. Sanamu ni mrithi.

Hatua ya pili: Chagua wakati

Sherehe kubwa ya mji ni tarehe 10 Desemba. Kwa mapokeo, usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1294 ndipo nyumba aliyoishi Bikira Maria huko Nazareti ilipofika katika kilima hiki ikiwa imebebwa na malaika, na mpaka leo katika usiku huo watu wa Marche huwasha mioto mikubwa vijijini na mashambani kuikumbuka njia iliyopita. Ni sherehe yenye baridi kali, kwa hiyo koti zito ni la lazima. Tarehe 8 Septemba, siku ya kuzaliwa Bikira Maria, nayo huleta umati mkubwa. Mwezi Juni kuna hija ya miguu inayoanzia mji wa Macerata jioni na kufika Loreto alfajiri, mwendo wa takriban kilomita 28, ambayo imekuwa ikifanyika tangu mwaka 1978.

Anayetafuta utulivu azikwepe siku hizo zote pamoja na Jumapili, na aje siku ya kazi katika majira ya kuchipua au ya vuli. Maoni yangu ni kwamba ziara ya kwanza ifanywe siku ya utulivu, na sherehe ziachiwe ziara ya pili, iwapo Mungu atajalia.

Hatua ya tatu: Shughulikia viza na nyaraka

Mwenye pasipoti ya nchi za Afrika Mashariki anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasicheleweshwe hadi zikabaki pungufu ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya afya ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Anayesafiri kwa hija aambatishe barua ya paroko wake inayoeleza madhumuni ya safari, kwa kuwa barua hiyo huipa maelezo yake uzito, ingawa haichukui nafasi ya taarifa za benki wala ya uthibitisho wa malazi. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen, kama walivyo wengi wa ndugu zetu waishio Ujerumani, Ubelgiji au Uholanzi, haihitaji viza hiyo.

Hatua ya nne: Fika Loreto

Kutoka Roma njia iliyo rahisi ni treni. Utapanda katika kituo cha Termini, utavuka milima ya Apenini hadi Ancona, safari ya saa tatu hadi nne kulingana na aina ya treni, kisha utabadili na kupanda treni ya mkoa inayoelekea kusini kwa kufuata pwani, na baada ya muda usiofika nusu saa utashuka katika kituo cha Loreto. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri katika mashine ndogo iliyo ukutani kituoni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo hutozwa faini hata kama tiketi ameilipia, na kusema kwamba ni mgeni hakumsaidii.

Kituo kiko bondeni, mji uko juu. Mtu mwenye nguvu anaweza kupanda kwa miguu kwa njia ya ngazi, kama mahujaji walivyofanya kwa muda mrefu, na kuba la kanisa huwa mbele ya macho yake wakati wote. Mwenye mizigo au magoti yanayouma apande basi au teksi. Anayekuja kwa gari aliache nje ya kuta, kwani mitaa ya ndani ni myembamba na magari yanayoruhusiwa kuingia ni machache.

Kuhusu saa kuna jambo moja linalowachanganya watu wetu. Matangazo ya Italia huandikwa kwa mfumo wa saa 24, hivyo tangazo linalosema 14.30 maana yake ni saa nane na nusu mchana. Hesabu hiyo ifanywe kwa uangalifu hasa mbele ya kanisa, kwa sababu Nyumba Takatifu, tofauti na kanisa lenyewe, huwa na mapumziko ya mchana ambapo hufungwa. Ratiba hubadilika kwa majira, nayo hubandikwa mlangoni. Isome mara tu ufikapo. Kama uwezo unaruhusu, lala mjini usiku mmoja. Zipo nyumba za kupokea mahujaji zinazoendeshwa na watawa karibu na kanisa, na anayelala Loreto huweza kuingia asubuhi na mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika, jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko chakula chochote cha hotelini.

Hatua ya tano: Vaa na ujiandae

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanawake na wanaume vilevile. Kanga au kitenge kilichokunjwa ndani ya mkoba hutosha kumwokoa aliyesahau. Kuingia kanisani na katika Nyumba Takatifu hakulipiwi. Simu izimwe sauti kabisa, na ndani ya Nyumba Takatifu usipige picha. Picha nzuri za sanamu zinauzwa kwa bei ndogo madukani, tena zimepigwa kwa mwanga ambao wewe usingeupata.

Hatua ya sita: Anzia uwanjani

Uwanja uliopo mbele ya kanisa huitwa Piazza della Madonna. Simama karibu na chemchemi ya katikati, iliyobuniwa na Carlo Maderno na Giovanni Fontana katika karne ya 17, uelekee kanisani. Uso wa kanisa ulikamilishwa mwaka 1587 chini ya Sixtus V, na Papa huyo mwenyewe yuko pale kwenye ngazi, ameketi, amechongwa kwa shaba, akibariki wapitao. Ni kazi ya Antonio Calcagni. Mnara wa kengele ulio kando ni wa Luigi Vanvitelli, wa katikati ya karne ya 18.

Kisha usiingie bado. Zunguka upande wa nyuma wa kanisa, mahali ambapo wageni wengi hawafiki. Huko utaona kwamba kanisa hili, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1469, lina kuta nene na vijia vya walinzi juu kama vya ngome. Sababu ni bahari ile iliyo chini. Watu wa pwani hii waliwahofia maharamia na majeshi ya Waturuki, na hazina iliyokusanywa na mahujaji ilikuwa inajulikana mbali. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 16 mji mzima ulizungushiwa ukuta wa kujihami.

Hatua ya saba: Zunguka marumaru kabla ya kuingia

Ukiingia kwa lango kuu na kutembea hadi chini ya kuba, utakuta jengo ndani ya jengo. Ni kasha kubwa la marumaru nyeupe lililobuniwa na Donato Bramante kwa agizo la Papa Julius II na kutekelezwa kwa miongo kadhaa na wachongaji mbalimbali, akiwemo Andrea Sansovino, na ndani yake ndimo ilimo Nyumba Takatifu. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote, isipokuwa mbele ya sanamu yenyewe.

Upande unaoutazama ukitoka mlangoni una Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, kazi ya Sansovino mwenyewe. Zunguka taratibu: kuna kuzaliwa kwa Maria na ndoa yake na Yosefu, kuna kuzaliwa kwa Yesu na Mamajusi, na upande wa nyuma kuna kulala kwa Bikira Maria pamoja na malaika wanaoibeba nyumba. Baina ya picha hizo wamekaa manabii, wenye mikunjo ya nguo iliyochongwa kwa kina hata kivuli hukaa ndani yake.

Baada ya kutazama juu, tazama chini. Kwenye ngazi ya marumaru inayolizunguka kasha hilo kuna mifereji miwili, imezama, laini, yenye kung'aa kidogo. Haikuchongwa na fundi. Ni magoti ya mahujaji waliokuwa wakiizunguka nyumba wakiwa wamepiga magoti, kizazi baada ya kizazi, yaliyoyala mawe hadi yakabonyea. Gusa kwa kiganja. Ukikuta mtu anazunguka kwa magoti, mpishe wala usimkodolee macho. Nawe ukitaka kufanya hivyo, fanya, lakini chagua wakati ambapo watu ni wachache.

Inua macho tena kabla hujaondoka hapo, uangalie ndani ya kuba. Cesare Maccari alilichora kati ya mwaka 1890 na 1907, na sehemu ya michoro yake imechukuliwa kutoka katika litania ileile. Aliyezoea kuitikia "utuombee" atayatambua majina mengine bila kusaidiwa na kitabu.

Hatua ya nane: Ingia, tazama kuta, kisha sanamu

Chumba ni kidogo, urefu wake ni takriban mita 9 na nusu na upana mita 4. Utaingia kwa mlango wa ubavuni pamoja na watu wengine, na mara nyingi kutakuwa na mtu wa zamu anayeelekeza. Usikimbilie mbele. Simama kwanza kando, kama nafasi ipo, utazame ukuta. Sehemu ya chini, kama mita 3 kwenda juu, ni ya mawe yaliyochongwa. Juu yake ni matofali ya hapohapo Italia, yaliyoongezwa baadaye, yenye mabaki ya michoro ya karne ya 14. Nyumba ina kuta tatu za asili, na haina msingi chini yake. Juu ya baadhi ya mawe kuna alama na maandishi yaliyokwaruzwa, ambayo watafiti wameyalinganisha na yale ya Wakristo wa mwanzo wa Nchi Takatifu.

Uchimbaji uliofanywa chini ya nyumba katika miaka ya 1960 ulitoa sarafu za mwishoni mwa karne ya 13, misalaba mitano ya kitambaa chekundu na vipande vya yai la mbuni. Wapo wataalamu wanaosema kwamba mawe yaliletwa kwa meli katika wakati wa kuanguka kwa falme za Vita vya Msalaba, na kwamba familia ya watawala wa Epiro, upande wa Ugiriki, iliyoitwa Angeli, jina lenye maana ya malaika, ndiyo iliyohusika, ndipo watu wakaja kusema nyumba ilibebwa na malaika. Muumini hahitaji kugombana na maelezo hayo, wala mtafiti hana haja ya kumcheka muumini. Wote wawili husimama kimya katika chumba kilekile.

Sasa tazama mbele. Juu ya altare, iliyoandikwa kwa Kilatini kwamba hapa Neno alifanyika mwili, kuna dirisha dogo la ukutani lenye marumaru, na ndani yake imesimama sanamu. Mama na Mtoto wamefunikwa kwa joho moja, linaloitwa dalmatika, lililonyooka kama kengele kutoka shingoni hadi chini, na limejaa mapambo ya vito kwa safu. Kwa hiyo kinachoonekana ni nyuso mbili tu zenye taji, moja juu ya nyingine kidogo. Mtoto ameinua mkono wa kuume kubariki na kwa mkono mwingine ameshika tufe la dunia. Mwanga ni hafifu, na macho huhitaji muda kuzoea. Baada ya dakika kadhaa, uso uliodhaniwa kuwa kivuli huanza kuonyesha mashavu, pua nyembamba na macho yaliyoinamishwa.

Sali kwa Kiswahili, kimoyomoyo au kwa sauti ya chini. Wagonjwa wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu wapewe nafasi ya mbele daima, kwani katika mahali hapa wao ndio wageni wa heshima. Kama foleni imekulazimisha kutoka mapema, rudi tena jioni, watu wanapopungua. Hakuna anayehesabu umeingia mara ngapi.

Anayetaka kuungama atakuta mapadre wa lugha mbalimbali ndani ya kanisa. Walezi wa mahali hapa ni Ndugu Wafransisko Wakapuchini, tangu mwaka 1934, shirika ambalo Wakatoliki wa Dar es Salaam na Mahenge hawahitaji kutambulishwa.

Hatua ya tisa: Ukibaki na muda

Kanisani zungukia makanisa madogo ya pembeni, yaliyogharimiwa na mataifa mbalimbali. Moja wapo, lile la Wamarekani, lina eropleni katika michoro yake, jambo linaloshangaza mpaka mtu akumbuke kwamba tarehe 24 Machi 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wanaosafiri angani. Rubani au mhudumu wa ndege anayesoma mwongozo huu ana sababu ya ziada ya kufika.

Nje, katika jumba la kipapa lililo upande mmoja wa uwanja, kuna makumbusho yenye michoro ya Lorenzo Lotto, aliyejiunga na jumuiya ya mahali hapa mwaka 1554 na kufia hapahapa. Makumbusho hulipiwa. Chini ya kanisa, upande wa baharini, kuna makaburi ya askari wa Poland zaidi ya elfu moja waliokufa katika mapigano ya mwaka 1944. Wenzao ndio waliosaidia kuuzima moto uliowaka kwenye kuba baada ya mabomu kuangushwa.

Hatua ya kumi: Ondoka

Zawadi zinunuliwe mwishoni, ili usizibebe ndani ya chumba chenye msongamano. Rozari na medali hubarikiwa bure ukimwomba padre. Kwa treni, usipange kwa saa unayotaka kutoka kanisani. Anza na treni ya mwisho inayotoka Ancona kwenda Roma, hesabu kurudi nyuma hadi ile ya mkoa inayoiwahi, ongeza muda wa kuteremka kilima, na hapo utajua ni saa ngapi unapaswa kuwa umeshapita lango la mji.